Jamaa wa Fuso wa Mwanga: kwa vioo nawapa nyota tano, kwa saa nawapa moja

Kwa mwenye haraka: kama una akwariamu kubwa Kigoma na familia inahamia Tabora, vioo wape hawa jamaa. Samaki usiwape. Sababu nitazieleza kwa urefu, maana mimi nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza, kila niliyemuuliza alicheka kwanza, kisha akanishauri niwakaange nikahame na sufuria tu.

Jina lao sitalitaja. Nina ya kuwasifu na nina ya kuwalalamikia, na hayo ya pili sipendi yamfuate mtu kwenye riziki yake. Wanapatikana Mwanga ya Kigoma mjini, hawana ofisi wala bango. Wana Fuso moja na vijana wenye mabega, na kiongozi wao ni mtu mzima wa sauti ya chini ambaye wote wanamwita Mjomba, hata wanaomzidi umri.

Mzigo wenyewe ni huu. Tangi kubwa lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, kioo cha milimita 12. Likijaa linaingia maji karibu lita 650, yaani kilo 650 za maji peke yake. Likiwa tupu bado si la mchezo: kioo cha unene wa milimita moja kina uzito wa kilo mbili na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo piga hesabu ya pande zote utapata kama kilo 120, bila ile mikanda ya kioo ya juu. Tangi la pili ni la sentimita 120, kilo kama 60. La tatu ni dogo, mtoto analibeba.

Wakazi: frontosa wa hapa hapa Kigoma, wale wa mistari saba, na dume lao lenye nundu kichwani ambalo mume wangu analiita Mwenyekiti. Kuna duboisi, wanaozaliwa weusi wenye madoa meupe na kubadilika wakikua. Na kuna wale vidagaa wasio dagaa wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Wote wa Ziwa Tanganyika. Kuwafuga Kigoma hakuhitaji elimu, kwa sababu hata maji ya bomba ya mjini yanatoka ziwani humo humo. Unaacha klorini iondoke, unamwaga, maisha yanaendelea. Shida inaanza unapovuka Uvinza.

Mume wangu ni mtu wa reli, kahamishiwa Tabora. Basi kila mtu akauliza kwa nini nisipakie matangi kwenye treni. Mwenyewe ndiye aliyekataa wa kwanza. Mabehewa yakiunganishwa hugongana, ndivyo yanavyounganishwa, na kioo kilichogandishwa kwa silikoni hakipendi kugongwa kutoka ubavuni. Halafu mzigo wa treni unaubeba kwenda stesheni, unaupakia, unaushusha, unaupakia tena kwenye gari jingine. Lori linachukua mlangoni na kushusha mlangoni. Tukaamua lori.

Wenye malori wengine walitaja bei kwenye simu kabla sijamaliza sentensi. Mmoja aliniambia, "Mama, kabati la kioo tumeshabeba mengi." Si kabati. Mjomba peke yake alisema hawezi kutaja bei bila kuona, akaja jioni baada ya swala, akavua viatu mlangoni. Alianza na njia. Alipima mlango wa sebule kwa kamba, akapima kona ya baraza, akatazama ngazi mbili za kushukia uani na kuuliza kama geti linafunguka lote. Ndipo akalisogelea tangi, akapitisha kidole kwenye kona ya silikoni kutoka juu hadi chini, akauliza limetengenezwa lini na fundi gani. Nilimwambia ni fundi wa aluminiamu pale pale mjini. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni sifa au ni pole.

Bei: milioni moja na laki mbili lori zima, pamoja na vitanda, makochi, friji na takataka zote za nyumba yenye watoto watatu. Vibarua wa kupakia, elfu themanini juu yake. Si rahisi, lakini kwa zaidi ya kilomita 400 na kioo ndani yake, sikuona ghali.

Masharti yake yalinifurahisha kuliko bei. La kwanza: hataki hata tone la maji ndani ya tangi. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na wajuaji niache maji kidogo chini samaki wabaki humo humo, wasisumbuke. Mjomba akasema basi nitafute mtu mwingine. Na yuko sahihi. Maji hayakai kimya garini. Gari likipiga breki yote yanakimbilia ukuta wa mbele, likiondoka yanarudi ukuta wa nyuma, na kazi yote hiyo inafanyiwa kwenye mshono wa silikoni ambao ulitengenezwa kuhimili maji yaliyotulia. La pili: mchanga utoke. Watu wanaudharau mchanga. Tangi la ukubwa huu likiwa na mchanga wa sentimita tano tu, hizo ni lita 54 za mchanga, zaidi ya kilo 80, na zote zinalalia kioo cha chini kila mnapoliinua. La tatu: mawe yatoke kwanza kabla ya maji, kwa mkono, moja moja, yasije yakaporomoka maji yakiisha. Hilo la tatu nilikuwa nalijua, ila nilipenda kwamba analijua na yeye, mtu ambaye kwa maelezo yake hajawahi kufuga hata kuku.

Siku ya kuhama walikubali kufika alfajiri, saa kumi na moja. Nikapanga kila kitu kwa saa hiyo. Samaki hawakulishwa tangu juzi yake, kwa sababu samaki aliyeshiba anachafua maji, na uchafu wake mkubwa ni amonia. Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Maji ya Tanganyika yana pH ya juu (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua), inacheza karibu na tisa. Katika maji ya pH ndogo, amonia nyingi inakaa katika hali isiyodhuru sana. pH inavyopanda, sehemu kubwa zaidi inageuka kuwa ile inayounguza matamvua. Kwa hiyo ndoo chafu ya samaki wa kwetu ni hatari kuliko ndoo chafu ya sato. Saa moja ya kuchelewa si saa moja tu.

Usiku ule tulitoa mawe, tukavuta maji kwa mpira, tukawakamata. Frontosa wakubwa niliwatia kwenye ndoo za lita 20 zenye mifuniko, mmoja mmoja kwa wale wababe, kila ndoo ina tundu la mpira wa hewa na pampu ya betri. Hawa usiwatie kwenye mfuko: miiba ya mgongoni inatoboa. Duboisi waliingia kwenye mifuko minene ya kujazwa oksijeni, miwili miwili kwa kuvishana, ambayo nilipewa na kijana wa Katonga anayezamia samaki wa mapambo. (Jirani alinitisha kwamba mifuko ya plastiki ni kosa. Iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni ya kubebea bidhaa, jirani.) Spanji za filta nazo ziliwekwa kwenye ndoo yao yenye maji ya tangi na hewa, mfuniko wazi. Ndani ya spanji ndiko wanakoishi bakteria wanaokula amonia, na ukizifungia kwenye mfuko mkavu siku nzima umezika nusu ya akwariamu yako bila kujua.

Saa kumi na moja ikafika. Saa kumi na mbili. Simu inaita, haipokelewi. Saa mbili utingo akapokea, akasema wako njiani. Saa tatu akasema wako njiani. Kumbe walikuwa wamepata mzigo wa saruji wa kupeleka Mwandiga "mara moja tu". Saa tano jua limewaka, Fuso ikaingia getini na vumbi la saruji limejaa bodini, na Mjomba akashuka na "mwakeye" yake, salamu ya asubuhi, kana kwamba kumekucha sasa hivi.

Nilikuwa nimeshapiga simu nyingine. Awali samaki walikuwa wasafiri na lori, chini ya turubai, mimi nikiwa kando yao. Ilipofika saa tatu nilimwomba shemeji yangu Noah yake, tukakunja viti vya nyuma, tukapakia ndoo na mifuko, tukafunika kwa mablanketi ili kuwe giza. Samaki akiwa gizani anatulia, anapumua kidogo. Lakini sikuondoka mpaka nione vioo vinavyopakiwa, na nashukuru sikuondoka.

Maana hapa ndipo watu hawa walipostahili kila shilingi. Kwanza walifagia bodi na kuimwagia maji, vumbi la saruji likaisha. Mjomba aliagiza magodoro yetu mawili yalazwe chini, nyuma tu ya kabini, akaeleza vijana kwamba nyuma ya ekseli ndiko lori linakorusha mzigo. Juu ya magodoro likaja ubao wa plaiwudi, juu ya plaiwudi povu la unene wa kidole. Kisha wakaingia ndani, watu sita, na hakuna aliyegusa ule mkanda wa juu wa tangi. Hiyo ndiyo alama ya mjuzi. Mtu asiyejua hushika juu, kwa kuwa ndiko kunakoshikika, na ule mkanda kazi yake ni kuzuia ukuta usibinuke, haukuwekwa uwe mpini. Hawa walipitisha mikono chini, wakaliinua sentimita chache, wakasukuma plaiwudi nyingine chini yake, na kuanzia hapo walikuwa wanabeba ubao, si kioo. Mjomba alitembea kinyumenyume mbele yao akihesabu hatua kwa sauti ile ile ya chini. Kwenye ngazi alisema "pumzika" na wote wakasimama, hakuna aliyeuliza kwa nini. Mtoto wangu wa kati alitaka kupitisha mpira wake kati ya miguu yao, nikamkamata kwa kola.

Tangi lilikaa kwa kitako, wima kama linavyokaa nyumbani, likafungwa kwa mikanda ya lori juu ya blanketi. Mama mkwe akataka kulijaza vyombo vya jikoni, kwamba nafasi ile yote inapotea bure. Mjomba akamwamkia shikamoo kwanza, kisha akamwambia, "Mama, humo tutaweka mito tu." Mama mkwe hakuzoea kukataliwa. Mito ikaingia.

Madumu ndiyo waliyonunia. Nilikuwa nimechota maji ya ziwa, madumu ya lita 20 yaliyopanga ukuta mzima wa uani, na kila dumu ni kilo 20. Utingo aliniuliza kama Tabora hakuna maji. Yapo, na ni mazuri kwa watu. Tangu mradi wa Ziwa Victoria ufike, bomba la Tabora linaleta maji kutoka Ihelele kule Misungwi. Lakini maji ya Victoria ni laini, madini yake ni machache mno ukilinganisha na ya Tanganyika, na frontosa aliyezaliwa kwenye miamba ya Kigoma ukimtupa humo ghafla unamuua kwa maji masafi kabisa. Baadaye nayatengeneza mwenyewe kidogo kidogo kwa baking soda na chumvi ya haluli, lakini siku ya kwanza nilitaka maji wanayoyajua. Walipakia, wakanuna, walikuja kunidai kwa hilo baadaye.

Sisi tulitangulia na Noah. Kipande cha Uvinza hadi Malagarasi kilikuwa bado kinajengwa tulipopita: michepuo, vumbi, malori ya kifusi. Shemeji aliendesha kama amebeba mayai, na watu wa nyuma yake walimpigia honi hadi Daraja la Kikwete. Kwenye kizuizi askari alifunua blanketi, akainua mfuniko, Mwenyekiti akamtazama.

"Hawa wa kula?"

"Hapana afande, wa kutazama."

Alifunika taratibu, akatuonea huruma waziwazi. Kuanzia Kaliua barabara ni lami tupu, Urambo hatukusimama, jua linazama tuko Isevya, Tabora.

Kuwaingiza samaki ndani ya mapipa ya muda, yenye maji ya ziwa tuliyotangulia nayo kwenye Noah, nitaeleza kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanakosea hapa na si kazi ya watu wa lori. Mfuko uliofungwa saa nyingi, pumzi ya samaki inashusha pH ya maji yake, na hiyo ndiyo iliyomlinda na amonia njiani. Ukiufungua, ile hewa inatoka na pH inapanda. Kwa hiyo ule utaratibu wa kuufungua na kudondoshea maji mapya kidogo kidogo kwa saa nzima, wanaousifia sana, unamchemshia sumu ndani ya maji yake mwenyewe. Mimi niliacha mifuko imefungwa ikielea mpaka joto likalingana, nikafungua, nikawachota kwa wavu na kuwaingiza mara moja. Maji ya mfuko nikayamwaga nje.

Lori lilitakiwa kufika usiku ule. Lilifika kesho yake adhuhuri. Tairi, walisema, kisha Urambo kulikuwa na mtu wa kumwona. Ule ulikuwa usiku wa Juni, na kwa asiyejua, Tabora iko juu kuliko Kigoma kwa mamia ya mita na ni baridi. Ziwa letu juu halishuki chini ya nyuzi 23 au 24 mwaka mzima, wala samaki hawana habari za sweta. Hita zangu zilikuwa kwenye lori. Tuliweka mapipa jikoni, tukachemsha maji, tukayatia kwenye chupa na kuziacha zielee humo usiku kucha, mimi na binti yangu kwa zamu. Duboisi wawili walivimba tumbo wiki iliyofuata wakafa. Siwezi kuapa kwamba ni lori. Ninachojua ni kwamba duboisi ana tumbo jepesi, na msongo ndio unaoliharibu.

Haya, lori limefika. Na tena hao hao watu walionilaza macho wakanifanyia jambo ambalo sijawahi kuona fundi yeyote akilifanya bila kuombwa. Mjomba alitoa pima maji mfukoni. Akailaza sakafuni pale nilipotaka tangi, akaigeuza, akaniita nione kiputo chake cha hewa kimeegemea upande. Sakafu ya nyumba ile ya kupanga imeinama kuelekea mlangoni. Tangi likikaa juu ya mwinamo, kona moja inabeba zaidi, na linaweza kusubiri miezi ndipo lipasuke. Vijana walitaka kukunja katoni waiweke chini ya mguu mmoja wa stendi. Akawakatalia: katoni ikilowa inalegea. Akakata plaiwudi iliyosafiri na tangi, akaichonga kwa tupa, akapima, akachonga tena, mpaka kiputo kikatulia katikati kwa urefu na kwa upana. Ilichukua muda, na wenzake walishaanza kudai chakula. Ndipo stendi ikapandishwa, juu yake povu jipya, juu ya povu kioo.

Nilijaza nusu kwa maji ya madumu, nikatandika magazeti makavu kuzunguka chini, nikaliacha lilale hivyo. Asubuhi magazeti yalikuwa makavu. Hakuna mshono uliotoa jasho, matangi yote matatu. Kwa barabara ile, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana nyota tano sizipunguzi.

Ya malalamiko niyamalizie. Hela ya kushusha, elfu hamsini, ilitajwa Tabora mzigo ukiwa bado juu, wakati mtu huna pa kukimbilia. Wakasema ni kwa ajili ya madumu. Niliwapa elfu thelathini na ugali kwa nyama. Ukikubaliana nao, sema "kupakia na kushusha" kwa maneno hayo hayo, na madumu yahesabiwe mapema. Malipo ya awali toa nusu, si zaidi, ile nusu nyingine ndiyo inayowakumbusha saa. Hita, pampu na spanji zisipande lori hata kwa dawa, zisafiri na samaki. Na ukiambiwa alfajiri, usiguse wavu mpaka uione Fuso getini kwa macho yako.

Nikihama tena nitampigia Mjomba huyo huyo. Ila kwanza anirudishie mguu wa stendi ya tangi dogo, uliovunjika wakati wa kushusha na akauchukua akauchomelee. Nilimpigia jana. Anasema uko tayari, yuko Kasulu, anakuja nao kesho alfajiri.